Chupa na Koroboi za Marehemu Nicodemus Ogada

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wetu wa Kiamunyi, Nakuru, mliofunga safari hadi hapa Gilgil, wafanyakazi wenzake wa zamani, na ninyi nyote mliokuja kumsindikiza mzee wetu leo Jumamosi tarehe 21 Juni 2025, familia inawasalimu, nayo imemteua Akeyo, binti mkubwa wa marehemu, mwalimu kwa kazi yake, awasomee maisha ya mzee tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka ukurasa. Hilo la kutoruka ukurasa si neno la msomaji, ni la marehemu mwenyewe, aliyeliandika kwa kalamu nyekundu katika daftari lake, na humo kuna ukurasa mmoja ambao msomaji ameuogopa kwa siku tisa, kiasi kwamba jana alimwomba mdogo wake Celestine ausome badala yake, Celestine akautupia jicho mara moja tu na kumrudishia. Kwa hiyo mtuvumilie sauti ikitetemeka, tutafika.

Marehemu Nicodemus Ogada alizaliwa Jumamosi tarehe 4 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Nakuru, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Ezekia Ogada, fundi wa breki za mabehewa, na marehemu Mama Adongo, na mbele yake alikuwa na kaka mmoja tu, Maxwel, aliyemzidi miaka minane, akambeba mabegani, akamfundisha kuendesha baiskeli, na kumpigania kila alipochokoza watoto wakubwa kuliko yeye, jambo ambalo, kwa mujibu wa bibi yetu, alilifanya kila wiki. Alianza darasa la kwanza mwaka 1968, akaingia shule ya upili ya mchana Januari 1975, na mwaka 1976 baba yake alipostaafu, familia ilihamia katika shamba hili mnalolikanyaga sasa, ekari mbili za vumbi zisizo na tone la maji, marehemu akabaki mjini kwa jamaa na kurudi huku wakati wa likizo.

Likizo ya Agosti 1978, akiwa kidato cha nne na mtihani uko mlangoni, aliwakuta baba na Maxwel wakichimba kisima, na wakati huo walikuwa wamefika futi thelathini na nane. Hapa msomaji anaomba vijana wasikilize, kwa maana siku hizi mashine huja na kumaliza kazi kwa siku moja. Wachimba visima wa enzi hizo walikuwa na desturi isiyovunjwa, kwamba kila asubuhi, kabla mtu hajatia mguu kwenye kamba, koroboi iliyowashwa hutiwa ndani ya ndoo na kuteremshwa polepole hadi chini kabisa, ikizimika njiani hakuna anayeshuka, watu huketi wakingoja au hurudi nyumbani, na ikiwaka mpaka chini, kazi inaanza. Kazi ya kushusha koroboi ilikuwa ya Nicodemus.

Jumatano tarehe 16 Agosti 1978, saa moja asubuhi, Nicodemus alishusha ndoo, akaipandisha, akawaambia baba na kaka yake, "Imewaka mpaka chini," na Maxwel akashuka. Alipofika chini alisema mara moja tu, "Nico, huku kuna joto," kisha kamba ikalegea, wakamwita, hakuitika, na hakuna jirani aliyethubutu kumfuata hadi alasiri, askari wa kambi ya jeshi ya hapa Gilgil walipokuja na vifaa vyao vya kupumulia na kumtoa. Maxwel alikuwa na miaka ishirini na mitano, alimwacha mkewe Linah, na mtoto wa mwaka mmoja ambaye ndiye huyu Akeyo anayewasomea.

Sasa ninyi fikirieni, taa imewaka mpaka chini, na mtu amekufa. Wengine walisema ardhi hii ilitupiwa kitu, wengine walisema kisima kilitaka damu, na Mzee Ezekia hakusikiliza yeyote, alisema yeye ndiye aliyechagua mahali pa kuchimba na kwa hiyo ndiye aliyemuua mwanawe, akakijaza kisima mawe kwa mikono yake mwenyewe kwa wiki sita, na hadi alipofariki mwaka 1994 hakupita tena upande ule wa shamba. Marehemu alifanya mtihani wake Novemba, akafaulu kwa chupuchupu, na tangu siku ile ya kisima hakuna aliyemwona akiingia mahali popote penye mlango mmoja bila kwanza kuuliza dirisha liko wapi.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha soda mjini Nakuru, kwanza kuosha chupa, kisha mwaka 1984 akapandishwa hadi chumba ambamo gesi husukumwa ndani ya maji baridi ili soda itoe povu. Siku ya kwanza msimamizi aliwakusanya na kuwaeleza kwamba gesi ile, kabonidioksidi, haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, hutafuta mahali pa chini na kutulia, huzima moto na huzima mtu, na marehemu akainua mkono na kuuliza, "Kama kwa kisima?" naye msimamizi akajibu, "Hapo umesema, kama kwa kisima." Aliomba ruhusa, akaenda nyuma ya kreti na kutapika, kisha akarudi kazini na kuifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na miwili bila ajali hata moja, na wenzake walizoea kumtania kwamba Ogada akifa atataka jeneza lenye dirisha.

Jumamosi tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa takatifu na Edinah, ambaye mnamwona pale mbele, na sharti alilomwekea bibi harusi lilikuwa moja, kwamba Akeyo, aliyefiwa pia na mama yake Linah mwaka uliotangulia, ahamie kwao siku hiyohiyo ya arusi, wala asije akaitwa mtoto wa kaka. Celestine alizaliwa tarehe 9 Mei 1987, lakini marehemu hakukubali kuitwa Baba Celestine hata na wakwe zake, alikuwa Baba Akeyo hadi mwisho. Nyumba hiyo ilikuwa na sheria ambazo watoto wa majirani walizicheka, jiko la makaa halikuingia ndani hata mvua ikinyesha ya mawe, mgeni hakulazwa sakafuni hata tukiwa thelathini, na dirisha halikufungwa, iwe Julai, iwe baridi ya kung'oa meno, na Mama Edinah anasema aliolewa na mwanamume mmoja na mablanketi saba.

Alistaafu tarehe 31 Desemba 2016, na wenzake wakiongozwa na Bwana Micah Kipkirui, rafiki yake wa chumba cha gesi, wakamzawadia tangi la samaki la futi nne, la vioo, lenye mimea ya majini, ili apate kitu cha kutazama. Kufikia Machi samaki walikuwa wazima lakini mimea ilikuwa imegeuka manjano, imevaa utelezi wa kijani, inaoza, na Micah alipokuja kuitazama akasema bila kujua anachokisema, "Mzee, hizo majani zinataka gesi. Ile tu yetu ya soda. Usinunue mtungi, tengeneza hapa nyumbani." Marehemu alimsindikiza mgeni hadi barabarani, akarudi, akakaa uani akitazama mlango wa nyumba yake mwenyewe hadi giza likaingia, na kwa wiki tatu hakulala vizuri. Alimwambia mkewe kwamba alikuwa na woga wa mtoto mdogo, kwamba hangeweza kuileta gesi ile ndani alimolala Edinah, na kwamba vilevile hangeweza kuacha, kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kuiona ikitenda jambo jema.

Alianza na njia ya hamira, na msomaji anaieleza kwa sababu wengi wenu mlisikia habari zake kinyumenyume. Alichukua chupa ya plastiki ya lita mbili, akatia vikombe viwili vya sukari, nusu kijiko cha hamira, beking soda kidogo na maji ya uvuguvugu, akatoboa kifuniko na kupitisha mpira wa dripu ulionunuliwa katika duka la dawa, ukapita kwanza katika chupa ndogo yenye maji ili uchachu usimwagikie samaki, kisha ukaingia tangini. Nyumba ilinuka kama kilabu cha pombe, na Aprili 2018 akina mama wa kanisa walikuja kumwombea aache kupika busaa, wakakuta mzee amepiga magoti sakafuni kando ya koroboi inayowaka mchana, akihesabu mapovu, wakazidisha maombi.

Kutoa gesi ni kitu kimoja, kuiyeyusha majini ni kingine, maana povu kubwa hupanda na kupotea hewani. Alijaribu kichungi cha sigara mdomoni mwa mpira ili kikate mapovu yawe madogo kama vumbi, na kwa ajili hiyo alinunua sigara moja kwenye kioski cha Mama Chepkosgei, na kabla hajafika nyumbani kwaya nzima ilikuwa na habari. Akajaribu kijiti laini kilichochomekwa mdomoni mwa mpira, akajaribu kupitisha gesi kwenye pampu ndogo, na mwishowe akapenda kuliko zote njia ya kengele, yaani chupa ya nusu lita iliyokatwa kitako na kutumbukizwa kichwa juu, kifuniko kimekazwa, gesi ikaingia kwa chini na kukaa humo imefungiwa, na maji yakainywa polepole. Aliipenda kwa sababu humo aliiona gesi. Alikaa mbele ya kioo akitazama kimo cha gesi kikipungua ndani ya chupa, upana wa kidole, nusu kidole, na kufikia saa kumi jioni majani yalikuwa yanatoa vipovu vyao vya hewa safi, na Mama Edinah anasema siku ya kwanza alipoona hivyo alilia kwa sauti, akakataa kueleza kwa nini.

Lakini msidhani aliacha kuogopa. Kila chupa zilipofanya kazi koroboi ilikuwa sakafuni inawaka, na sheria aliyowapa wa nyumbani ilikuwa hii, "Mkiona imezimika, msiingie. Hata kama niko ndani, msiingie." Tarehe 11 Februari 2020 mpira uliziba, chupa ya hamira ikapasuka kwa mshindo uliowatoa majirani nje, Mama Edinah akiwa chini ya meza akapaza sauti, "Baba Akeyo, hii kitu itatumaliza!" na ndipo alipoacha hamira, akahamia chupa mbili za asidi ya ndimu na beking soda, ambazo angeweza kuzifunga kila jioni kwa kigurudumu cha dripu kinachobana mpira. Mwaka huohuo alisahau kukifunga jioni moja tu, na alfajiri akakuta samaki wote wamepanda juu wakitweta midomo nje ya maji, saba wamekufa, akawazika uani mmoja mmoja.

Agosti 2023 miguu yake ilianza kuvimba, akawa hamalizi ngazi za kanisa bila kupumzika mara mbili, na madaktari wa mjini Nakuru walituambia moyo umepanuka na umechoka, wakampa dawa, wakamkataza chumvi na mzigo. Alilazwa mara tatu, Machi na Oktoba 2024 na Aprili mwaka huu, na kila mara aliomba kitanda cha dirishani.

Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa moja asubuhi, Mama Edinah alimpelekea chai sebuleni, akamkuta ameketi kando ya tangi, kichwa kimeegemea kioo, na koroboi sakafuni imezimika. Tunasoma jambo hili waziwazi kwa sababu maneno yamekwisha kuzunguka mtaani. Mama alisimama kizingitini na kikombe mkononi, akamwita mara mbili, asithubutu kuvuka, kwa maana sheria ilisema asiingie hata kama yeye yuko ndani, na mumewe alikuwa ndani. Anasema hajui alisimama muda gani. Kisha akavuta pumzi, akaziba pua, akaingia, akamshika kwapani mwanamume aliyemzidi uzito na kumburuta hadi barazani, ambako alifahamu kwamba mwili ulikuwa tayari umepoa. Dirisha lilikuwa wazi, kigurudumu cha dripu kimefungwa, samaki wazima wanaogelea, na koroboi ilikuwa imekauka, mafuta yameisha, basi. Uchunguzi wa daktari ulionyesha kwamba ni moyo, na kwamba alikuwa amefariki yapata saa mbili kabla ya chai ile, kwa hiyo gesi haikumuua, na Mama, unasikia tena mbele ya watu wote, hukuchelewa.

Sasa ukurasa wenyewe. Alhamisi tarehe 12 Juni, Mama Edinah alitoa chini ya tangi daftari ambalo marehemu aliandikia vipimo vyake, na ndani ya jalada la mwisho imeandikwa hivi, tunasoma kama ilivyo:

"Akeyo, usome hii siku ya kunizika, usiruke. Usiku wa kuamkia tarehe kumi na sita Agosti nilidurusu hesabu mpaka koroboi ikakauka. Asubuhi hakukuwa na mafuta, duka lilikuwa mbali, na nilimwogopa baba. Nilishusha ndoo na koroboi isiyowashwa, nikaipandisha, nikasema imewaka mpaka chini. Baba amekufa akisema ni yeye. Ni mimi. Nilitaka kukwambia ukiwa na miaka kumi, nikaogopa utaniita baba mdogo. Nikaogopa hivyo kila mwaka."

Hakuna kingine, ila sahihi.

Akeyo alipousoma mara ya kwanza alilifunga daftari, akatoka, akatembea kutoka Kiamunyi karibu kufika mjini bila kujua anakokwenda. Alikuwa na hasira, na hakuna haja ya kuificha kwa sababu ni msiba, alimkasirikia mtu asiyeweza tena kumjibu. Zaidi ya hasira aliogopa, kwa maana mtu aliyemlipia karo, aliyemsuka nywele vibaya sana Edinah alipokuwa mgonjwa, aliyekataa kuitwa kwa jina la mtoto mwingine, je, alimpenda, au alikuwa anafidia kisima? Familia ilimwambia angeweza kuuchoma ukurasa ule na asilaumiwe, na Mama Edinah, ambaye naye hakuwahi kuambiwa, alisema tu, "Akeyo, hapo ni wewe utaamua, mimi siwezi."

Aliamua baada ya kusoma kurasa nyingine, zile za vipimo. Kuna miaka minane humo, mapovu kwa dakika, vijiko vya asidi, samaki waliokufa, na katikati ya hesabu hizo, kila Akeyo alipokwenda kulala kwao, marehemu ameandika kwa mwandiko uleule, Akeyo amekuja, chupa zimefungwa, dirisha wazi, koroboi inawaka, anapumua vizuri. Mara arobaini na tatu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na zaidi, mwalimu mwenye miwani, na mzee mwenye moyo mgonjwa alisimama mlangoni kusikiliza kama anapumua. Huenda ilikuwa fidia, huenda ulikuwa woga, msomaji hawezi tena kuvitenganisha na upendo, na ameacha kujaribu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumvumilia na dirisha lake, majirani wa Kiamunyi waliolala nasi tangu siku ya kwanza, Mama Chepkosgei aliyeuza hamira na sigara moja bila kuuliza swali, kwaya iliyosamehe sigara hiyo, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na Bwana Micah, aliyezifungua chupa zote Jumapili iliyopita, akazisafisha, na atakayelitunza tangi pamoja na Mama.

Mmeona kaburi liko hatua ishirini kutoka kwenye mawe yale ya kisima, kama alivyoomba. Jana vijana waliokuwa wakilichimba walisikia habari za kisima, wakatoka kwa hofu wakiwa wamefika futi nne, wakakataa kurudi ndani, na hatukuwalaumu. Leo alfajiri, kabla hamjafika, mimi Akeyo binti Maxwel, niliyelelewa na Nicodemus, nilitia mafuta kwenye koroboi yake, nikaijaza hadi shingoni, nikaiwasha, nikaiweka ndani ya ndoo na kuishusha kwa kamba polepole mbele ya vijana wale, nikiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na baada ya hapo wakashuka na kumaliza kazi.

Baba, shuka upumzike sasa. Imewaka mpaka chini.